Mwaka Niliosema Ni Jiwe

Furaha, binti wa Papa Cirhuza, alinipigia simu asubuhi nikiwa naosha sambaza uani, akaniambia kwa sauti iliyokwisha kulia kwamba baba yake ametutoka. Nilikaa juu ya ndoo, mikono ikinuka samaki, nikasema yale yanayosemwa: pole mutoto yangu, Mungu amupokee, nitafika muchana. Sauti ilinitetemeka kama inavyotakiwa. Lakini kitu cha kwanza nilichohisi, kabla ya huzuni kufika, kilikuwa nafuu. Naiandika hivyo hivyo bila kuipamba, kwa sababu nimejipamba vya kutosha maishani. Mtu aliyenipa kazi yangu ya kwanza, aliyenifundisha kutumia macho na vidole, aliyeniita binti yake mbele ya wageni, alikuwa amekufa, na mimi nikashusha pumzi kwa kuwa hakuna tena mtu wa kuniuliza juu ya sheni moja. Huzuni ilikuja baadaye, nilipokuwa nachagua kitenge cha kuvaa, na ilikuwa ya kweli. Nililia peke yangu chumbani hadi mwanangu akaja kuniuliza kama nimeumwa.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata lava. Wasiokuwepo Goma wakati ule hawawezi kujua mji ulivyokuwa na njaa ya mbao. Lava ilikuwa imepita katikati, imekula nyumba, maduka na makanisa, halafu ikapoa ikawa sakafu nyeusi yenye makali, na watu wakarudi kujenga palepale juu yake. Walijenga kwa mbao, kwa sababu mbao zilikuwa rahisi kuliko matofali, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu hakuna aliyetaka kuingiza nguvu zake zote katika kuta ambazo mlima wa moto ungeweza kuzirudia. Mbao zilishuka kutoka Masisi kwa malori, nyingine zikavuka ziwa kwa mitumbwi mikubwa hadi Kituku. Huko zilikotoka, tronsoneze, ile misumeno ya injini, zilinguruma toka asubuhi hadi jioni kuangusha miti na kuipasua. Na kila tronsoneze inakula sheni, yaani ule mnyororo wenye meno unaozunguka kwenye upanga wake. Sheni ndiyo iliyotulisha sisi watu wa atelye, karakana ya Papa Cirhuza pale Murara.

Atelye ilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichosimama juu ya lava, na kwa kuwa lava haijui maana ya kusawazishwa, sakafu ilipanda upande wa mlango na kushuka upande wa dirisha, hata kikombe cha chai ulipaswa kukiwekea kijiwe chini. Meza ya kazi ilikuwa mlango wa nyumba iliyoungua. Kitasa bado kilikuwepo, na mimi nilikitundikia mkoba wangu. Kulinuka mafuta machafu, chuma kilichosagwa na maharage, maana jiko la mke wa Papa lilikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ulikuwa ubao tu. Tulisikia kila lililosemwa jikoni, na jikoni walisikia kila tulilosema. Mlango wa nyuma ulifungukia kwenye lava tupu iliyorundikana hadi kifuani mwa mtu.

Niliajiriwa kwa sababu ya nywele. Nilikuwa nimemsuka Furaha, alipokuwa bado mdogo, zile suka nyembambanyembamba zinazomaliza siku nzima, na Papa Cirhuza alikuwa amekaa karibu na redio yake akiniangalia. Nilipomaliza aliniambia, "Ile vidole yako inaona kuliko macho ya bale wanaume wangu. Kuya kesho atelye." Wale wanaume wake walikuwa wawili, na aliyekuwa mbele kwa maneno ni Deo, mpiga riveti, kijana wa Majengo mwenye kifua kipana na kicheko cha haraka. Siku ya kwanza aliuliza kama sasa sheni zitavaa mishipi ya nywele. Nilicheka nao. Nilitaka sana wanipende, na hilo naomba msomaji alishike, maana ndilo lililoniangusha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sheni ilitufikia kutoka nje imeviringwa kwenye gurudumu, ndefu ya kutosha kuzungushia kiwanja. Wanaume walihesabu meno ya chini, wakakata urefu unaolingana na mashine ya mteja, wakaunganisha ncha mbili kwa kiungo kimoja chenye riveti mbili ndogo, na riveti zile zikapigwa vichwa hadi zikatanda. Sehemu nyingine zote za sheni zilitengenezwa na watu wa mbali ambao hatukuwajua. Kiungo kile kimoja kilikuwa chetu. Papa Cirhuza alikuwa akisema hivyo kila asubuhi, akiinua kidole: "Kiwanda cha bazungu kinajibu ya meno. Siye tunajibu ya kiungo. Sheni ikikatikia pale, njo siye tumekata mukono ya mutu." Mimi nilikuwa kontrole, mkaguzi wa mwisho. Niliishika sheni kwa vidole viwili pembeni mwa kiungo na kuiachia. Kiungo kizuri kinalala chenyewe; kilichobanwa mno kinabaki kimesimama, na hicho kitapata moto na kukatika. Kisha niligeuza vichwa vya riveti kwenye mwanga wa dirisha kutafuta ua. Ua ndilo jina tulilovipa vile vijiufa vinavyojichora ukingoni mwa kichwa cha riveti kama chuma ni kigumu kupita kiasi. Ukiona ua, unarudisha. Usipoliona, unachukua verni nyekundu ya kucha, unadondosha tone moja juu ya kichwa cha riveti, na sheni inatoka. Verni ilikuwa yangu mwenyewe, wazo lilikuwa la Papa: sheni ikirudi na malalamiko, tone jekundu litatuonyesha mara moja kiungo chetu kiko wapi.

Na sheni zilirudi. Zilirudi katika mifuko ya unga, ndani ya magazeti, shingoni mwa watu kama shanga. Papa alizipokea, akavaa miwani, akazisoma kama karani anavyosoma barua. Meno ya kushoto yamefupishwa kuliko ya kulia: mwenyewe amenoa vibaya, ndiyo maana mbao zinatoka na upinde. Upande wa chini umegeuka bluu: amekata bila mafuta. Pembe za meno zimevunjika na kung'aa: amegusa jiwe. Katika kaye ya marudio, daftari la mistari lililokaa juu ya meza, kulikuwa na safu ya jina, safu ya mti na safu ya sababu. Mimi ndiye nilikuwa naandika. Jiwe lilijaa safu ile ukurasa baada ya ukurasa, na mara nyingi lilikuwa kweli, maana katika nchi yetu mti wenyewe unaota kati ya mawe, na mawe madogo hunasa katika gome. Lakini lilikuwa pia neno tamu. Ukimwambia mtu amegusa jiwe hawezi kubisha sana. Nani Goma anaweza kuapa kwamba hakugusa jiwe? Deo alifanya utani kwamba siku ya hukumu watu wa atelye yetu wataulizwa dhambi zao na wote watajibu jiwe. Tulicheka hadi mke wa Papa akagonga ukuta.

Karibu na katikati ya mwaka ulifika mzigo wa viungo na riveti kutoka kwa mfanyabiashara mpya. Riveti zilikuwa nzuri kwa macho, nyeupe, zinang'aa, lakini zikipigwa zilichanua. Siku ya kwanza nilirudisha mbili, ya pili nne. Kila niliyorudisha Deo alilazimika kuing'oa riveti na kupiga nyingine, na mkono wake ulivimba kwenye kifundo. Papa alikuwa amesafiri kwenda Bukavu kwa msiba, na tulikuwa na oda ya Mama Zawadi, mwanamke mwenye depo ya mbao Kituku, ambaye hakujua kusubiri. Jumatano Deo aliitupa sheni mbele yangu. "Weye Nsimire, unatafuta maua ama unatafuta kazi? Unatuchokesha." Saa sita, chakula kilipotoka, hawakuniita. Tulikuwa tunakula wote kutoka beseni moja, bugali katikati na maharage pembeni, na kila siku Deo ndiye aliyekuwa akipiga beseni kwa kijiko na kuita, "Kontrole, kuya kontrole sosi!" Siku ile sikusikia kijiko. Nilipogeuka walikuwa wameshaanza, migongo yao miwili imeniziba. Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Sasa nikifikiri, naona ni kitu kidogo mno, bugali tu, na kwetu nilikuwa nakula jioni nikashiba. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na zile siku mbili niliona kwamba dunia yote ilikuwa imekaa kwenye beseni lile ikinipa mgongo.

Ijumaa mtumbwi wa Mama Zawadi ulikuwa uondoke alasiri. Sheni kumi na mbili. Kumi na moja nilizipitisha kwa haki, na hilo naweza kuapa. Ya kumi na mbili ilikuwa na ua. Halikuwa ua kubwa, ulikuwa ufa mmoja mwembamba kuliko unywele, kwenye riveti moja tu, na nilipoiachia ilianguka vizuri, ikalala. Niliigeuza kwenye mwanga mara tatu. Deo alikuwa amesimama nyuma yangu akifuta mikono. "Iko bon?" aliuliza, na aliuliza kwa upole, nahisi na yeye alikuwa amechoka kugombana. Nikafungua kichupa. Tone la verni lilikaa juu ya kichwa cha riveti, halafu nililiona linanywewa kidogo, linaingia ndani ya ufa, na ufa ukapotea. "Iko bon," nikasema. Saa sita ile kijiko kiligongwa, nikaitwa, nikala maharage kwenye beseni lile na yalikuwa matamu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi yenye ukungu, Mama Zawadi aliingia na mtu aitwaye Sebahire. Nilikuwa namjua kwa kumwona. Alikuwa mpasuaji wake bora, mwanamume mrefu wa Masisi mwenye maneno machache, ambaye kila alipokuja kuchukua sheni aliinusa kwanza kisha akaivaa shingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na bendeji ilikuwa fupi mahali ambapo vidole viwili vya mwisho vilipaswa kuwa. Sheni ilikuwa imekatika ikiwa katika kasi na kurudi kumpiga. Mama Zawadi aliweka mfuko wa unga juu ya meza. Papa Cirhuza, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisharudi, aliwapeleka wote wawili jikoni wakae, wanywe chai, kisha akanigeukia. "Nsimi, angalia weye kwanza. Mi nitaangalia kisha. Ninataka nione kama utaona yenye nitaona."

Deo na mwenzake hawakuwa wamefika bado. Niliitoa sheni. Ilikuwa imekatikia kwenye kiungo chetu, na kichwa kimoja cha riveti kilikuwa kimeruka nusu. Nusu iliyobaki niliielekeza dirishani. Pale chuma kilipovunjika, uso wa mvunjiko ulikuwa wa kijivu, mpya, isipokuwa ukingoni, ambako palikuwa na mstari mwekundu uliozama ndani. Verni. Verni haiwezi kuingia ndani ya chuma kizima. Iliingia kwa kuwa ufa ulikuwepo siku niliyoipaka. Hakuna mtu aliyehitaji kunifafanulia. Ningeweza kumweleza hivyo mtoto wa shule. Nikatazama meno. Yalikuwa makali, pembe zake kamili, yamenolewa na mtu anayejua kazi na kuipenda.

Nyuma ya ubao nilisikia Mama Zawadi akisema, "Papa Cirhuza, mi ninataka neno moja tu. Kama ni sheni yako, utanipatia ingine na huyu atapona atarudia kazi. Kama ni yeye amegusa jiwe, basi mashine yangu nitapatia mwengine. Siwezi kufuga mutu asiyeangalia." Na Sebahire akajibu, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya kweli: "Sikugusa jiwe, Mama. Ile muti ya mugrevilea ilikuwa kwa udongo. Niliipangusa na mukono mbele ya kuikata. Kila mara ninapangusaka." Halafu nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe, na mke wa Papa akisema anywe, sukari itampa damu.

Hapa ndipo ninapoogopa kalamu. Kosa la Ijumaa ile ningeweza kulisimulia na watu wakanihurumia, kwa sababu nilikuwa mchanga, nilikuwa peke yangu, nilitaka kupendwa. Hili la pili sina wa kumgawia. Nilichukua sindano na kitambaa chenye petroli, nikauchokoa ule wekundu hadi ukaisha. Kisha nikafungua mlango wa nyuma taratibu, nikatoka na sheni, nikazunguka rundo hadi mahali ambapo mlio usingefika jikoni, nikachagua jino, nikaligonga kwenye lava. Halikuvunjika mara ya kwanza. Nikaligonga tena. Nikafanya meno matano, yote ya upande mmoja, kama jiwe linavyofanya, maana nilikuwa mwanafunzi mzuri na nilijua jiwe linafanya nini. Niligonga mara ngapi sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa makini, nilikuwa makini kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na kwamba nilipuliza vumbi la lava kwenye meno kabla ya kuingia ndani.

Papa Cirhuza alivaa miwani. Aliishika sheni muda mrefu, akapitisha ukucha juu ya yale meno matano, akatazama kiungo, akatazama tena meno. "Nsimi, ni nini?" Nikasema, "Ni jiwe, Papa. Imegonga, ikakwama, ikavuta kiungo." Aliwaita wale wawili, akamwonyesha Sebahire meno, moja moja, bila kumtukana. Sebahire aliinama. Alitazama mara ya kwanza kwa kutokuamini, kisha kwa kuamini, na mimi niliona lini hasa ilibadilika, kwa sababu mabega yake yalishuka. "Ni kweli," alisema polepole. "Basi niligusa. Na sikusikia." Mama Zawadi alipiga ulimi. Wakaondoka, yeye akiwa mbele, na mimi nikafungua kaye, nikaandika jina, nikaandika grevilea, nikaandika jiwe.

Jioni Papa alimwambia mkewe, huku akijua nasikia, "Ile binti inaona." Aliniachia kazi ya kusoma sheni zilizorudi, akawa anakuja kusaini tu. Alienda pia kumwona Sebahire hospitalini, mara mbili, na kilo ya sukari. Alisema mtu akiumia kwa kosa lake anaumia mara mbili. Nilisikia hayo kupitia ubao nikiwa nakula. Na baada ya mwezi hivi, siku isiyo na jambo lolote, aliingia atelye akavua kofia, akasema, "Tangu leo verni iwekwe pembeni, kwa bamba ya kiungo. Hapana juu ya kichwa ya riveti." Deo aliuliza sababu. "Nimesema," alijibu. Hakunitazama. Nimelitafuna neno lile kwa miaka yote iliyofuata. Alijua? Alihisi tu? Au alikuwa ameona jambo lingine kabisa, kwa akili yake ile iliyokuwa haipumziki? Alinipenda, hilo halina shaka, na kama alijua basi alichagua kunipenda mimi na kumwacha Sebahire na jiwe lake. Sikuthubutu kuuliza. Mwaka ulipoisha niliolewa, nikaacha kazi, nikarudia kusuka nywele. Kila Noeli nilimpelekea Papa zawadi, na kila Noeli nilikaa pembeni ya kiti nikingoja aniulize.

Kilio kilikuwa nyumbani kwake palepale Murara. Atelye haipo tena, pameota nyumba ya ghorofa, lakini ua ulikuwa na hema, viti vya plastiki, na wanawake wa kanisa wakimenya ndizi. Nilimsalimu Furaha, nikaketi kwenye safu ya nyuma na chai yangu. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja akizungumza na majirani wa kiti, na kando yake mwanamume wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akimshikia fimbo. Sikumtambua kwa mgongo. Nilitambua sauti, ile sauti ya kutoa hesabu.

"Huyu muzee alinifunza kujikubali," alikuwa anasema. "Nilimuletea sheni yenye ilikatika, nikabishana, nikasema sikugusa jiwe. Akanionyesha meno. Meno haikuwa na ubishi. Niligusa jiwe na sikujua! Kisha akanifuata lopitali na sukari. Njo maana nimekuya." Jirani mmoja aliuliza kama hakurudi tena kwenye kazi ile. "Nani angenipa? Mi mwenyewe nilijiogopa. Nilibeba mbao kwa mugongo pale Kituku hadi mugongo ukakataa. Na huyu mutoto yangu Bosco, mujomba wake alitaka kumupatia mashine, nikamukataza. Siye kwetu hatuko na macho ya ile kazi." Yule kijana aliangalia chini. Alikuwa ameshasikia hadithi hiyo mara nyingi, ilionekana usoni.

Ningeweza kumaliza chai yangu. Nilifikiri hivyo, naandika kwamba nilifikiri hivyo. Kisha nikasimama, nikamzunguka, nikapiga goti moja mbele ya kiti chake. "Papa Sebahire, shikamoo. Ni miye Nsimire. Nilikuwa kontrole kwa Papa Cirhuza." Alinitazama, akatabasamu, akanipa mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu, na mimi nikaushika, nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na riveti za mfanyabiashara mpya, nikaeleza kwamba Papa alikuwa Bukavu, nikamweleza habari za Deo na kijiko na beseni, na jinsi nilivyokuwa mtoto, na ufa ulivyokuwa mwembamba kuliko unywele. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulibaki ndani ya wangu, lakini ulikuwa mzito, umekufa.

"Na meno?" aliuliza. "Ile meno niliiona na macho yangu."

"Niliigonga miye, Papa. Kwa lava. Nyuma ya atelye. Mulikuwa munakunywa chai."

Alitazama pale wanawake walipokuwa wakimenya ndizi. Niliomba moyoni anipige, au alie, au aseme amenisamehe, chochote kitakachonipa nafasi ya kusimama. Hatimaye aliutoa mkono wake, akamgusa mwanawe begani. "Bosco, sogea hapa. Mama, rudilia. Umuambie yeye."

Nikarudia. Nilipofika kwa Deo na chakula, mzee aliinua kidole. "Ile ya chakula uache. Anza na sheni." Nikaanza na sheni. Bosco hakuniangalia mimi, alimwangalia baba yake, na midomo yake ilikuwa imeachana kidogo. Safu ya mbele iligeuka. Furaha alikuwa amesimama na birika mkononi, na nilijua kwamba nikiendelea, jina la baba yake nalo litachafuka siku ya msiba wake mwenyewe, na kwamba hilo pia litakuwa juu yangu.

"Sema na nguvu," akasema Sebahire. "Siku ile ulisema mbele ya watu."

Nikasimama. Goti lilikuwa limeingia vumbi na sikulipangusa. "Sheni ilikuwa imeshapasuka mbele ya kutoka kwetu," nikasema. "Niliona. Nikaipaka verni, nikasema iko bon. Ilipomukata huyu papa, nikavunja meno ya sheni na lava, kusudi ionekane ni yeye. Hakugusa jiwe."

Mtu mmoja alisema Yesu. Bosco alikuwa ameweka mkono mgongoni mwa baba yake, mahali ambapo mbao zilikuwa zimekaa miaka mingi, na baba yake hakuuhisi au hakuujali.

"Kila Paska," alisema mzee, na sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa ndogo, "mbele ya padri, mi ninaungamaka ile jiwe. Kila Paska. Ananipatia sala za kufanya, ninafanya." Aliinua uso. "Kumbe ilikuwa ya nani?"

"Yangu," nikasema, na safari hii hakuniambia nirudie.